Kabla uzimie kwa Orpheus wa Wagiriki, sikiza Chemirocha wa Kapkatet

Umewahi kuachwa hadi ukarudia wimbo mmoja usiku kucha? Basi wewe na Orpheus mko chama kimoja.

Kama hukumsikia shuleni, stori ni hii. Jamaa huyu wa hekaya za Wagiriki alikuwa moto kwa kinubi. Akipiga, hata miti na wanyama wanatulia kumsikiliza. Mkewe, Eurydice, akaumwa na nyoka akafa. Orpheus akashuka kuzimu, akapiga kinubi mpaka mfalme wa wafu akalegea. Akaambiwa: mchukue, lakini usigeuke kumwangalia kabla hamjatoka. Akageuka. Kwisha yeye.

Stori hiyo imelisha wasanii zaidi ya miaka 2,000. Virgil na Ovid wa Roma waliiandika. Monteverdi akaigeuza opera mwaka wa 1607. Mwaka wa 1959, filamu ya Orfeu Negro ikaihamishia kwa watu weusi wa Rio de Janeiro wakati wa kanivali, ikabeba tuzo kuu kule Cannes na baadaye Oscar. Juzi tu, 2019, mchezo wa Hadestown ukashinda Tony kule New York. Mapenzi ni yale yale, nguo tu ndizo zinabadilika.

Sasa utaniuliza, sisi wa Longisa inatuhusu nini?

Panda matatu hapa stejini hadi Bomet, unganisha ya Kaplong, kisha usonge hadi Kapkatet. Huko ndiko Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma, alipowanasa wasichana wa Kipsigis mwaka wa 1950 wakiimba Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, likitamkwa Kipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika huku enzi za mkoloni, na watu wakajiuliza huyu anayeimba ndani ya gramafoni ni kiumbe gani. Jibu likawa hekaya: nusu mtu, nusu swara. Wasichana wanamkaribisha aje awachezee.

Umeona? Mwanamuziki ambaye sauti yake haishindwi na kifo, na wasichana wanamtaka. Hakuna aliyewasomea Ovid. Na ala inayolia chini ya sauti zao ni chepkong'o, kinubi chetu: mikono miwili, kijiti juu, nyuzi katikati. Weka karibu na kile anachochorwa nacho Orpheus, utaona ni ndugu, kama nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii.

Hapa ndipo moyo unauma. Rekodi hizo zilikaa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya ILAM aliyoanzisha Tracey 1954. Ni mwaka wa 2014 ambapo ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha kwa jamii ya Wakipsigis. Miaka 64! Wageni walikuwa wameusikia wimbo wetu kabla yetu.

Mimi mwenyewe niliujulia intaneti, baada ya kuacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nikiwa nyumbani sina job. Nikamchezea kogo wangu kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kupiga makofi. Akaniuliza maswali mawili: "Hao wasichana walilipwa? Na chepkong'o siku hizi anapiga nani?"

La kwanza sikuwa na jibu. La pili nilijua, ndiyo maana niliona aibu. Kwa rika langu kijijini, simjui hata mmoja.

Orpheus aliponzwa na kugeuka nyuma. Sisi tunaponzwa na kutogeuka kabisa. Kwa hivyo kabla uweke bando umtazame mpenzi wa watu kwenye filamu, keti na kogo wako, washa simu, mwambie aimbe. Usingoje Mwingereza mwingine aje na mashine.

Wangu nitamrekodi Jumapili. Ameshaniambia nilete sukari.