Tangyuan: Tamu Mdomoni, Lakini Tafuna Kwanza!

Je, umewahi kula kitu kitamu ambacho hakitaki kumezwa? Wachina wanacho. Kinaitwa tangyuan: vibonge laini vya unga wa mchele, vyenye ufuta mtamu ndani, vinavyoelea kwenye maji ya moto ya tangawizi. Ukikiuma, ufuta unamwagika mdomoni kama uji mzito mweusi. Kuvitengeneza nyumbani si kazi ngumu, na kijana yeyote anaweza. Ila kuna mambo mawili unapaswa kuyajua kabla hujamwekea bibi yako au mdogo wako bakuli. Tutayafikia.

KWA NINI VINALIWA?

Huko China, tangyuan huliwa siku ya 15 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda yao, yaani Sikukuu ya Taa, inayofunga shamrashamra za Mwaka Mpya. Huangukia Februari au mwanzoni mwa Machi. Watu wa kusini huvila pia mnamo Desemba 21 au 22, siku yenye usiku mrefu kuliko zote huko kwao. Jina la chakula hiki linafanana kwa sauti na neno la Kichina tuanyuan, yaani familia kukutana. Ndiyo maana kinaliwa na wote pamoja, kuanzia babu mpaka mjukuu.

Kaskazini wana ndugu yake anayeitwa yuanxiao. Huyu hafinyangwi kwa mkono. Vipande vya ufuta hulowanishwa, kisha huviringishwa kwenye unga mkavu mpaka vinenepe. Sisi tutafuata njia ya kusini, ya watu wa Ningbo, mji unaosifika kwa tangyuan za ufuta mweusi.

MAHITAJI (vibonge 18 hivi)

- Unga wa mchele wa kunata, gramu 200
- Maji ya uvuguvugu, mililita 170 hivi
- Ufuta mweusi, gramu 60
- Sukari, gramu 40
- Siagi, gramu 40 (Ningbo hutumia mafuta ya nguruwe)
- Tangawizi kipande, maji vikombe 4 na sukari kidogo kwa mchuzi

Angalia: unga huu siyo ule wa vitumbua. Wanga wa mchele wa kunata karibu wote ni wa aina iitwayo amilopektini, na huo ndio unaovutika. Ukitumia mchele wa kawaida, vibonge vitapasuka sufuriani. Ulizia maduka yanayouza vyakula vya Kichina.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Kaanga ufuta bila mafuta, moto mdogo, dakika 3 au 4. Kwa kuwa ni mweusi hutaona ukiungua, hivyo tumia pua na masikio: ukianza kunukia na kuruka, epua. Twanga mpaka uwe unga, changanya na sukari na siagi, weka kwenye friji ugande. Kisha gawa vidonge 18, kila kimoja kama gololi.

2. Mimina maji kidogo kidogo kwenye unga huku ukikanda. Donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Sasa fanya ujanja huu: kata kipande kidogo cha donge, kichemshe dakika 2, ukirudishe na kukikanda na donge zima. Halitapasuka ovyo.

3. Gawa donge mara 18. Bonyeza kila kipande kiwe kama kikombe kidogo, weka gololi ya ufuta, funga, viringisha.

4. Chemsha maji mengi, tumbukiza vibonge, na uvisukume taratibu kwa mgongo wa mwiko visigande chini. Vikielea, ongeza nusu kikombe cha maji baridi. Vikielea tena, acha dakika 2, viko tayari.

5. Chemsha tangawizi na sukari pembeni kwa dakika 10. Pakua. Subiri dakika kadhaa kabla ya kuuma, maana ndani kuna moto kuliko nje. Wengi huunguza ulimi hapa!

JAMBO LA KWANZA: KOO

Kile kinachofanya tangyuan iwe tamu kutafuna, yaani kunata, ndicho kinachoweza kuziba njia ya hewa. Huko Japani wanakula mochi, nayo ya mchele huohuo, na karibu kila Mwaka Mpya wazimamoto wa Tokyo hutoa onyo kwa sababu wazee hukabwa nayo. Kwa hiyo:

- Mtoto chini ya miaka 5 na mzee asiye na meno ya kutosha wasipewe kibonge kizima. Kata vipande vidogo. Ambaye hajaota magego asipewe kabisa.
- Kibonge kimoja kwa wakati, mtu amekaa, bila kucheka wala kushindana nani amemaliza mwanzo.

Akikabwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hawezi kukohoa, kusema wala kupumua, usimpe maji. Ita msaada. Mwinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Haijatoka? Simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, vuta ndani na juu kwa nguvu mara 5. Rudia yote mawili. Mama mjamzito hafinywi tumbo, vuta kifuani. Mtoto chini ya mwaka 1 pia hafinywi tumbo.

JAMBO LA PILI: UNGA ULIOLALA

Zamani mchele ulilowekwa kwa siku kadhaa, ukasagwa na maji, ukatundikwa kwenye kitambaa uchuje. Unga mbichi wa namna hiyo ukikaa kwenye joto unaweza kuota bakteria wanaotoa sumu ya bongkreki. Sumu hii haiharibiwi na kuchemsha. Oktoba 2020, katika jimbo la Heilongjiang, watu 9 wa familia walikufa baada ya kula tambi za unga wa mahindi uliochachushwa.

Na siyo mbali sana na sisi. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Ati nyongo ya mamba, watu walisema. Maabara ikaonyesha ni sumu hiyohiyo.

Basi tumia unga mkavu, kanda leo, pika leo. Vikibaki vibichi, gandisha kwenye friza. Unga wenye maji ukibadilika rangi au harufu, mwaga, usionje.

NA SUKARI JE?

Mchele wa kunata hupandisha sukari ya damu haraka, hata mchuzi ukiwa hauna sukari. Mwenye kisukari ale kimoja au viwili, siyo bakuli. Wewe vitatu au vinne vinatosha, baada ya mlo, siyo badala yake.

ZUNGUMZA NA WENZAKO

- Nyumbani kwenu, nani angehitaji kukatiwa vipande?
- Mkiwa wawili tu na mmoja akakabwa, mngefanya nini kwanza? Onyesheni, bila kuvuta kwa nguvu.