Ulinzi Usiopewa Nafasi ya Kujipanga

Mashambulizi ya kasi katika mpira wa miguu hayamshindi beki kwa sababu ana miguu mizito, bali kwa sababu yanamnyima muda wa kuangalia nyuma yake, kumtafuta mwenzake na kukubaliana naye nani amkabe nani. Na ulinzi, tofauti na ushambuliaji ambao unaweza kubebwa na kipaji cha mtu mmoja, ni kazi ya makubaliano. Timu nyingi za leo zimelielewa jambo hilo, na badala ya kusubiri kila mtu arudi mahali pake ndipo mchezo uendelee, hurusha mpira mara tu unapotoka, hupiga mpira wa adhabu kabla ukuta haujapangwa, na huwavamia wapinzani sekunde ileile zinapowanyang'anya mpira. Swali linalowakabili makocha wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, sawasawa na wenzao wa ligi kubwa, ni namna gani mabeki wajipange pale ambapo mpinzani amekusudia wasijipange.

Sheria zenyewe zinampendelea anayewahi. Timu iliyochezewa faulo inaweza kupiga mpira wa adhabu papo hapo bila kusubiri kipenga, isipokuwa mwamuzi ameamuru isubiriwe. Mchezaji anayepokea moja kwa moja mpira wa kurushwa, wa kona au wa goli hahesabiwi kuwa ameotea. Na tangu msimu wa 2025/26 kipa anayeushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8 huadhibiwa kwa kona, hatua ambayo imewaondolea mabeki mojawapo ya nafasi chache walizokuwa nazo za kuvuta pumzi. Tukio la Anfield la tarehe 7 Mei 2019 linaonyesha gharama ya kusinzia katika nafasi kama hizo. Dakika ya 79, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, Trent Alexander-Arnold wa Liverpool aliuweka mpira kwenye kona, akapiga hatua mbili tatu kana kwamba anamwachia mwenzake, kisha akageuka ghafla na kuupiga huku mabeki wa Barcelona wakiwa bado wanatembea; Divock Origi akafunga bao la nne, na Barcelona, waliokuwa wameshinda mchezo wa kwanza kwa mabao 3, wakaaga mashindano. Hakuna beki aliyeshindwa mbio siku hiyo, kwa maana hakuna aliyeanza kukimbia.

Historia ya Kongo inayo mifano yake, na mmojawapo bado unauma. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia, mjini Gelsenkirchen, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliyokuwa bingwa wa Afrika, ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0, na 6 kati ya hayo yaliingia kabla ya mapumziko. Ni haki kukumbuka kwamba wachezaji waliingia uwanjani wakiwa na uchungu wa posho ambazo hawakulipwa, na kwamba kipa Kazadi alitolewa mapema, baada ya bao la tatu. Lakini kwa upande wa ufundi, mabao yalifuatana kwa kasi ambayo haikuwapa mabeki dakika za kukaa sawa na kurekebisha kosa la kwanza kabla la pili halijafanyika. Hata TP Mazembe ya mwaka 2010, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu baada ya kuwafunga Internacional wa Brazili mabao 2 kwa 0 mjini Abu Dhabi, ilifungwa na Inter Milan katika dakika ya 13 na tena ya 17, na fainali ikawa imeamuliwa katika dakika nne hizo. Baada ya kufungwa bao, akili za wachezaji hubaki kwenye kosa lililopita wakati mpira umekwisha kwenda mbele, na mpinzani mwenye kasi hulijua hilo.

Kipimo kizuri cha mabadiliko ni Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Timu ya Kongo chini ya kocha Sébastien Desabre ilicheza michezo 7 bila kufungwa zaidi ya bao moja katika mchezo wowote, na mabao 5 iliyofungwa yanastahili kuchunguzwa moja moja. Mawili, la Misri na la Guinea, yalikuwa penalti. La Moroko lilitokana na kona. La Zambia lilikuja baada ya kipa Lionel Mpasi kutoka nje ya eneo lake kuuwahi mpira mrefu na kuuondoa vibaya. Na ni lile la Sébastien Haller katika nusu fainali pekee lililotokana na krosi ya kawaida wakati mchezo unaendelea. Maana yake ni kwamba timu hiyo karibu haikufunguliwa katikati kwa shambulizi la kushtukiza, yaani lile linaloanza pale mpira unaponyang'anywa wakati wapinzani bado wametawanyika. Chancel Mbemba na Henoc Inonga, ambaye wakati huo mashabiki wa Dar es Salaam walimwona katika jezi ya Simba, hawakusifika kuwa mabeki wenye kasi kuliko wote barani. Nguvu yao ilikuwa kusimama mahali panapofaa kabla hatari haijazaliwa, mbele yao wakiwapo viungo wawili ambao hawakupanda wote kwa pamoja.

Ili kuelewa kwa nini kusimama huko kuna thamani zaidi kuliko mbio, inafaa kuangalia mchezo mwingine, ule mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, kwa sababu huko tatizo hili limechunguzwa kwa undani wa pekee. Katika mchezo huo, kila baada ya shambulizi moja mpira husimama, na kwa desturi wachezaji wa timu inayoshambulia hukusanyika katika duara dogo kupewa mpango unaofuata, nao walinzi hupata nafasi ya kupokea maelekezo na kubadilisha wachezaji. Mwaka 1988 kocha Sam Wyche wa Cincinnati Bengals aliigeuza silaha ya kawaida desturi ya kuliacha duara hilo, na miaka michache baadaye Buffalo Bills, wakiongozwa na Jim Kelly, waliufanya mtindo huo kuwa tisho la ligi nzima: walijipanga upesi, mpango ukitolewa kwa ishara na maneno machache, na walinzi wazito walionaswa uwanjani hawakupata hata nafasi ya kutoka kupumzika.

Jibu lililokumbukwa zaidi lilitolewa tarehe 27 Januari 1991 mjini Tampa, katika fainali ya ligi hiyo. Wiki moja kabla, Bills walikuwa wamefunga pointi 51 katika mchezo mmoja. Bill Belichick, aliyesimamia ulinzi wa New York Giants, aliwapunguza walinzi wazito wa mbele, akawaongeza wepesi wa nyuma, na akakubali wazi kwamba mpinzani akimbie na mpira katikati kwa hatua ndogondogo, mradi asipewe nafasi ya kurusha mipira mirefu inayomaliza mchezo kwa pigo moja. Wakati huohuo washambuliaji wa Giants waliushikilia mpira kwa zaidi ya dakika 40 kati ya 60, hivyo kasi ya Bills ikakaa nje ya uwanja ikitazama. Giants walishinda 20 kwa 19, baada ya Bills kukosa mkwaju wa mwisho ambao ungewapa ushindi, na mpango wa Belichick umehifadhiwa hadi leo katika ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo mjini Canton, jimbo la Ohio.

Mambo mawili katika mpango huo yanahamishika moja kwa moja hadi kwenye uwanja wa Matokeo wa Butembo au Kalinda wa Beni. La kwanza ni kwamba mlinzi hawezi kuzuia kila kitu, kwa hiyo timu iamue mapema itaachia nini: beki aliyebaki peke yake mbele ya washambuliaji wawili asijitupe kuunyakua mpira, bali arudi nyuma taratibu akiifunga njia ya katikati na kumsukumia mwenye mpira pembeni, kwa kuwa kila sekunde anayoichelewesha humleta mwenzake mmoja karibu. La pili ni kwamba ulinzi huanza wakati timu bado ina mpira. Beki wa kulia akipanda, wa kushoto abaki; kona ikipigwa, wawili au watatu wakae nyuma, wakiwa wameshakubaliana kila mmoja anamtazama nani. Katika viwanja vya udongo, ambako vijana wa Rughenda na mitaa mingine hujifunzia mchezo na ambako mpira hudunda usivyotarajiwa, tahadhari hiyo ni ya lazima zaidi, kwa sababu pasi iliyokuwa salama hugeuka ghafla kuwa shambulizi la mpinzani.

Maneno nayo yapunguzwe. Walinzi wa mpira wa Kimarekani walioshambuliwa bila mapumziko waliacha maelekezo marefu wakatumia neno moja lenye maana ya mpango mzima, na mabeki wa soka wanahitaji hivyohivyo: «panda», «rudi», «mtu nyuma», yasemwe na mmoja aliyeteuliwa, aghalabu kipa au beki wa kati, kwa sababu yeye ndiye anayeuona uwanja wote. Timu ambayo watu wanne wanapiga kelele kwa wakati mmoja ni sawa na timu isiyosema lolote. Ipo pia njia ya mkato ambayo makocha wengi huifundisha kimyakimya, nayo ni kumwangusha mpinzani kwa makusudi katikati ya uwanja ili mchezo usimame. Njia hiyo huleta kadi, huumiza vijana, na mbaya zaidi huwazoesha mabeki kutofikiri, hivyo haistahili kupewa nafasi katika mazoezi ya watoto.

Makocha wa Butembo na Beni wanaombwa watenge sehemu ya kila zoezi kwa jambo moja tu: kipenga kilie ghafla wakati timu inashambulia, mpira upewe upande wa pili, na wachezaji wahesabiwe sekunde tano za kurudi katika umbo lao la ulinzi. Zoezi hilo halihitaji vifaa vya gharama wala uwanja wa nyasi. Linahitaji mpira mmoja, kipenga, na kocha asiyechoka kulirudia.