Wanawake wa Mji wa Kale na Haki ya Kura

Wanawake wa Kizungu nchini Kenya walipata haki ya kupiga kura mwaka 1919, miaka 2 tu baada ya kuunda jumuiya yao ya kuidai. Wanawake wa Mji wa Kale wa Mombasa, mji uliokuwa umestaarabika karne nyingi kabla ya mlowezi wa kwanza kushuka bandarini, walikaa nje ya siasa za kura kwa takriban miaka 40 zaidi, ingawa uzoefu wa kuunda vyama na kuviongoza haukuwapungukia hata kidogo.

Uzoefu huo waliupata katika lelemama, ngoma ya wanawake iliyochezwa na vyama vyenye viongozi, vyeo na nguo za sare, ambavyo vilishindana kwa mapambo, karamu na nyimbo za kupigana vijembe. Baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, wajukuu wa watumwa na binti za waungwana waliendelea kutazamana kwa macho ya nasaba, lakini katika vyama hivi walikutana, japo si daima kwa usawa. Wanachama walichangiana na kusaidiana katika arusi na matanga. Kwa hiyo atakayeiona lelemama kuwa mchezo mtupu atakuwa ameupuuza upande wake wa ustawi wa jamii. Wapo wakati ule walioilaumu kwa israfu, na lawama hiyo haikukosa msingi, kwani mashindano yaligharimu fedha nyingi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, alikemea matumizi ya namna hiyo, na wakati huohuo akahimiza wasichana wasomeshwe.

Kura yenyewe iligawanywa kwa rangi. Waarabu walipewa kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, yaani bunge la kikoloni, kufuatia maamuzi ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1923, na Waswahili wa Mataifa Kumi na Mawili, yaani makundi ya wenyeji wa kale wa Mombasa, wakahangaika miaka mingi wakidai wahesabiwe katika kundi hilo. Lakini hao wote waliokuwa wakigombea nafasi hiyo walikuwa wanaume. Ajabu zaidi ni kwamba uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulipofanywa mwaka 1957, mwanamke Mwafrika aliyetimiza masharti ya elimu, mali au utumishi aliruhusiwa kupiga kura, ilhali mwanamke aliyeandikwa Mwarabu alinyimwa.

Wanawake wa Mombasa hawakunyamaza. Walipeleka serikalini ombi la maandishi lenye saini zao, nao wakaingizwa katika orodha ya wapigakura kabla ya uhuru. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, watu waliotoka katika vyama vya lelemama, vikiwemo Ibinaal Watan na Banu Saada, waliunda jumuiya mbili za wanawake wa Kiislamu zilizojishughulisha na elimu na misaada, na miongoni mwa waliojulikana katika harakati hizo ni Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, ambaye simulizi ya maisha yake imechapishwa pamoja na za Bi Kaje wa Mwenye Matano na Bi Mishi wa Abdala. Kwamba jumuiya zilikuwa mbili, si moja, hakukumshangaza mwenyeji yeyote: ushindani wa ngoma ulihamia humo, na kila upande ukajitahidi kukusanya michango na kutenda mema kuliko mwenzake.