Gari za Umeme: Tadbiri au Israfu?

HAKUNA baraza la kahawa hapa mjini siku hizi ambalo mazungumzo yake hayagusi gari za umeme, hasa hizi ndogo zenye umbo la jipu ambazo vijana huziita "gari za juu". Suala linaloulizwa ni hili: mwananchi wa kipato cha wastani hapa Unguja akijinunulia gari hiyo kwa matumizi ya nyumbani kwake, je, atakuwa amefanya tadbiri au israfu? Si suala la mzaha, maana fedha inayotajwa ni akiba ya miaka mingi, na aghlabu ni mkopo utakaokatwa katika mshahara kila mwisho wa mwezi.

Wengi wanaogopa kuishiwa na chaji njiani. Hofu hiyo hapa kwetu haina mashiko. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kiasi cha kilomita 85 tu. Gari ya Atto 3 ya kampuni ya BYD ya China, yenye betri ya uniti 60, imepimwa Ulaya kwenda kilomita 420 kwa chaji moja. Hata tukitoa theluthi nzima kwa ajili ya joto, kiyoyozi na abiria, itakwenda Nungwi na kurudi mjini mara mbili, na chaji isiishe.

Lakini udogo huo huo wa kisiwa unaoondoa hofu ndio unaoondoa na faida, na hapo ndipo wauzaji wanapopita mbio. Gari ya umeme ni ghali kuinunua na nafuu kuitembeza. Kwa hiyo faida yake hulipwa kwa kilomita. Asiyekwenda hapati. Tumchukue mtumishi anayekaa Fuoni na kufanya kazi mjini. Kwa mwaka mzima, pamoja na harusi na maziko ya shamba, tuseme anakwenda kilomita 7,000. Gari ndogo ya petroli inayokunywa lita 9 kwa kila kilomita 100 itatumia lita 630. Ya umeme, kwa uniti 16 kwa kila kilomita 100, itatumia uniti 1,120. Kwa wepesi wa hesabu tuweke lita moja shilingi 3,000 na uniti moja shilingi 400. Petroli itakuwa shilingi 1,890,000 na umeme shilingi 448,000. Ameokoa shilingi 1,442,000. Ikiwa gari hiyo mpya imeizidi bei ile ya petroli iliyokwisha tumika Japani kwa shilingi milioni 20, atangoja karibu miaka 14 kurejesha tofauti hiyo, ilhali dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka 8. Oili asiyoibadilisha itampunguzia mwaka mmoja au miwili, si zaidi.

Sasa tumtazame dereva wa teksi anayepeleka wageni Nungwi na Paje, akaenda kilomita 40,000 kwa mwaka. Kwa bei zile zile huyu ataokoa shilingi 8,240,000, na ile milioni 20 itarudi kabla ya miaka miwili na nusu. Ajabu ni kwamba matangazo yote humlenga yule wa kwanza.

Liko na suala la pahala pa kuchajia. Mwenye nyumba yake na ua wake huchomeka katika soketi ya kawaida, ambayo hutoa kiasi cha uniti 2 kwa saa, na safari za kutwa za Fuoni zikafidiwa kabla hajalala. Ama anayekaa ghorofa ya nne Michenzani, atateremsha waya dirishani? Mita ya Tukuza ni yake, lakini chini ni njia ya watoto wa watu. Na Mji Mkongwe gari yenyewe haifiki mlangoni.

Wako wanaosema, basi tuagize zilizotumika. Hapo pana tahadhari. Nissan Leaf za mwanzo, zilizotoka mwaka 2010, betri zake hazikuwekewa mfumo wa kupozwa kwa maji. Huko Arizona, Marekani, kwenye joto kali, wenyewe walilalamika mwaka 2012 kwamba betri zimepungua uwezo mapema. Leaf si gari ya juu, lakini joto halichagui umbo; mnunuzi aulize hali ya betri kabla ya kutazama rangi.

Umeme wetu hutoka ng'ambo, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na hatujasahau kiza cha miezi mitatu kilichoanza Desemba 2009. Tangu mwaka 2013 tuna waya mwingine wa megawati 100, na bwawa la Mwalimu Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115. Petroli nayo huja kwa meli, na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji, ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2024 kupiga marufuku uingizaji wa gari za petroli na dizeli, na uhaba wa fedha hizo ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Kwa maoni yetu, ikiwa upo unafuu wa kutolewa, wa ushuru au wa masharti ya mkopo, basi uanzie kwa dereva wa teksi na kituo chake cha kuchajia, kisha soketi zifike chini ya majumba ya Michenzani. Mtumishi wa Fuoni ambaye gari yake ya petroli bado inatembea asiikimbilie fomu ya mkopo mwaka huu.