Tezi Ndogo ya Shingoni, Kazi Kubwa

Mwezi huu tunatazama viungo ambavyo wengi wetu hatuvifikirii mpaka vinapougua: tezi zinazotengeneza homoni, yaani vichocheo vya mwili.

Homoni ni kama mjumbe. Tezi huimwaga katika damu, nayo damu huipeleka mahali panapohusika. Kongosho hutoa insulini inayoshusha sukari katika damu. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, ile inayofanya moyo uende mbio tunaposhtuka. Tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya mbaazi, husimamia nyingine nyingi.

Leo tuiangalie zaidi ile ya shingoni. Homoni yake huongoza kasi ya mwili kutumia chakula, tena hukuza ubongo na mifupa ya mtoto. Ili kuitengeneza, tezi hii huhitaji madini joto. Katika sehemu za milimani, kama Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, mvua za karne nyingi zimeyaosha madini hayo ardhini, hata mazao nayo huyakosa. Yakipungua, tezi hujitahidi mno na kuvimba. Hilo ndilo rovu. Si kurogwa, wala kuchanja chale hakuliponyi.

Lakini hasara kubwa haionekani shingoni. Mama mjamzito akikosa sana madini joto, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kiziwi, akadumaa na kuwa mzito wa akili. Ubongo ulioharibika hivyo haurudi kuwa mzima. Na kinga yake ni chumvi tu!

Tufanye nini basi?

1. Tununue chumvi yenye madini joto. Tusome maandishi ya pakiti.

2. Tuiweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na tuitie chakula kinapokaribia kuiva.

3. Tusizidishe. Mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai kwa siku.

4. Mihogo michungu tuiloweke na kuikausha vizuri, kwa maana sumu yake huizuia tezi kupata madini joto.

5. Mwenye uvimbe shingoni aende hospitali, kwani si kila uvimbe ni rovu.

Tukumbushane haya katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Mtoto ni zawadi ya Mungu. Tumlinde tangu tumboni mwa mama yake.