Maji Yanayoua Paneli ya Mlango

Mtu akipata Volkswagen Beetle ya mwaka 1970 iliyokuwa imelala chini ya turubai miaka mingi, fedha ya kwanza huenda kwenye injini na ya pili kwenye rangi. Milango kwa upande wa ndani husubiri hadi mwisho, na zamu yake ikifika huonekana ni kazi ya asubuhi moja: ng'oa paneli iliyovimba, bandika mpya, rudisha hendeli, piga picha. Masika yakipita, paneli ile mpya imeshaanza kujikunja pembe za chini. Ngozi bandia imeachia gundi, na mlango ukifunguliwa unatoa uvundo. Lawama anatupiwa aliyeuza: vitu vya siku hizi havidumu. Mara nyingi muuzaji anaonewa. Paneli imefungwa juu ya mlango unaoilowesha kwa nyuma, na hadibodi ikilowa haina namna.

Mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji yasiingie ndani yake. Umeundwa kuyapitisha. Kati ya kioo na bati la nje kuna raba ya kufutia, lakini mvua ikinyesha, au kijana wa kuosha magari akielekeza mpira dirishani, maji huteremka na kioo hadi tumboni mwa mlango, kisha hutokea kwenye vitundu vilivyoachwa ukingo wa chini. Hayo ni maji halali. Shida huanza yanapovuka kutoka upande wa bati la nje kuja upande wa abiria, na njia yake ya kuvukia ni yale matundu makubwa ya bati la ndani, yaliyowekwa ili fundi apitishe mkono kufikia mashine ya kioo. Kiwandani matundu hayo yalizibwa kwa karatasi isiyopitisha maji iliyobandikwa juu yake kabla ya paneli. Katika magari mengi ninayoyaona karatasi hiyo haipo. Fundi wa kwanza aliyefungua mlango kutengeneza kioo aliichana, na waliomfuata hawakujua kama iliwahi kuwapo.

Hadibodi yenyewe ni nyuzi za mti zilizosagwa zikashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Mmarekani William H. Mason ndiye aliyeianzisha mwaka 1924 huko Laurel, Mississippi, na viwanda vya magari vikaipenda kwa sababu ni rahisi, nyepesi na inakatika vizuri. Ikilowa, nyuzi zake zinafumka na hazirudi tena zilivyokuwa hata ukiianika juani wiki nzima. Hainywi maji sawasawa pia. Uso wake laini hustahimili kidogo. Kingo zilizokatwa na vitundu vya klipu hunywa kwa pupa. Sasa fikiria upande wa mbele umefunikwa ngozi bandia isiyopumua: nyuma inavimba, mbele imebanwa, na ubao hauna budi kupinda. Ndiyo sababu paneli mbovu karibu zote huharibikia chini, kule maji yanakokusanyika.

Kwa hiyo kazi ya paneli mpya huanza kwa kuivua ya zamani bila papara, na kuitunza hata ikiwa imeoza. Hiyo ndiyo ramani yako. Kwenye Beetle za modeli ya 1968 na baadaye, hendeli ya kioo imefungwa kwa skrubu ya nyota iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Kibanue kwa kucha au kipande cha mbao, maana bisibisi itakiachia kovu. Za zamani kuliko hizo zina pini: unasukuma kile kisahani kilicho nyuma ya hendeli kuelekea kwenye paneli, pini inaonekana, unaigonga itoke upande wa pili. Magari mengi ya Kimarekani ya enzi hizo yana klipu ya waya yenye umbo la kwato, haionekani kabisa. Ujanja wake ni kupitisha kitambaa kati ya hendeli na paneli na kukivuta huku na huku mpaka nyuzi zikamate ncha za klipu. Ikichomoka huruka, na ikiangukia kwenye mchanga wa gereji uisahau.

Halafu ondoa skrubu za sehemu ya kuegemeza mkono, na ndipo ubanue paneli pembeni. Ingiza kibanuo bapa mpaka kiguse klipu yenyewe, karibu kabisa na tundu lake. Ukivuta katikati ya klipu mbili unapasua ubao. Nyuma ya paneli, kwenye mhimili wa hendeli, kuna springi inayoisukuma paneli ikae sawa na kisahani. Iweke mfukoni mara moja. Wengi huiona sakafuni baada ya kumaliza kufunga kila kitu.

Mlango ukiwa wazi, usiguse paneli mpya kwanza. Chukua chupa ya maji, pandisha kioo hadi juu, umimine taratibu kwa nje kwenye mstari ambapo kioo kinaingia kwenye bati. Sasa chungulia ndani kwa tochi. Utaona michirizi ikishuka kwenye kioo, mingine ikikatisha kwenye mikono ya mashine na kudondokea ukingo wa bati la ndani, pale pale paneli inapokaa. Tazama chini: ndani ya sekunde chache maji yanapaswa kuanza kutoka kwenye vitundu. Yasipotoka, chokoa kwa waya. Kwenye gari lililokaa Dodoma au Kajiado utatoa vumbi lililogeuka udongo mgumu. Kwenye gari la Tanga au Mombasa ni magamba ya kutu, na hapo kaa chini upime kama mlango unahitaji fundi wa bodi kabla ya fundi wa viti. Kupaka puti juu ya bati lililotoboka kwa ndani ni kuahirisha. Kwangua kutu, paka rangi ya kuizuia, na ikishakauka nyunyiza nta ya magari kwenye mikunjo ya chini ukiacha vitundu wazi. Raba ya kufutia kioo ikiwa imekauka na kupasuka, badilisha sasa. Bei yake haifikii ya paneli.

Baada ya hapo inakuja karatasi, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yenyewe. Nailoni nene, ile inayotandazwa chini ya zege, inatosha kabisa. Ikate kwa kufuata mlango, toboa tundu dogo la mhimili wa hendeli na jingine la kitasa, kisha ibandike kuzunguka pande zote kwa utepe wa butili, ule mweusi unaonata bila kukauka. Gundi ya viatu ikipata joto la mchana inaachia. Ukingo wa chini ndio unaokosewa. Watu huubandika juu ya bati kwa upande wa abiria, kwa hiyo tone linaloteremka nyuma ya nailoni linatokea nje ya bati na kuingia moja kwa moja kwenye paneli. Fuata kanuni ya mabati ya paa, la juu kulala juu ya la chini: upindishe ukingo huo uingie ndani ya tundu la chini la mlango, ili kila tone lirudi tumboni na kutafuta kitundu chake.

Paneli mpya sasa. Ukiagiza Marekani au Ujerumani, sema wazi kwamba usukani wako uko kulia, kwa sababu paneli za mlango wa dereva na wa abiria hazikutobolewa sawa, na ya kule ni kinyume cha yako. Taja na mwaka: vioo vya Beetle vilikuzwa kuanzia modeli ya 1965, na kuna tofauti nyingine kabla na baada ya hapo. Ukichonga mwenyewe, hadibodi ya milimita 3 ndiyo kipimo. Ya milimita 4 huonekana imara zaidi, lakini shingo ya klipu inakosa urefu na paneli haitalala. Laza ile ya zamani juu yake, chora, toboa vitundu vya klipu kwanza na kukata ukingo baadaye. Kisha paka vanishi mgongo mzima mara mbili, na kwenye kingo na ndani ya vitundu paka mara ya tatu. Paneli nyingi za dukani huja na mgongo mtupu, zipake vilevile. Hakuna anayeuona mgongo huo, ndiyo maana hakuna anayeupaka.

Ngozi bandia inavutwa vizuri ikiwa imepata jua la saa moja. Mistari ya paneli za kiwandani za miaka ile haikushonwa, ilishindiliwa kwa joto. Fundi wa viti atakushonea, na kwa mbali itapendeza, ila akianza kukuonyesha mitindo ya almasi yenye uzi mwekundu mwambie ahsante. Beetle haijawahi kuvaa hivyo.

Kufunga ni haraka. Weka vikombe vidogo vya raba vya klipu kwenye matundu ya mlango, maana ndivyo vinavyozuia maji na kelele. Rudisha springi kwenye mhimili, ingiza mhimili kwenye tundu lake, kisha panga klipu moja moja na kuzipiga kwa kiganja juu yake. Klipu isiyoingia kwa pigo la pili haijakaa kwenye tundu, usiilazimishe. Tundu la hendeli kwenye ngozi bandia likate msalaba mdogo tu, kisahani kifunike. Kabla ya kukaza skrubu za kuegemeza mkono, zipime na za zamani, kisha shusha kioo polepole hadi chini. Skrubu ndefu kuliko ilivyopaswa hukwaruza kioo kwa ndani, na mkwaruzo huo haufutiki.

Nikiulizwa kuhusu spika, jibu langu huwa ni moja: zifungwe kwingine. Kukata duara kwenye paneli na nailoni uliyoibandika kwa taabu ni kuyafungulia maji mlango mwingine. Asiyeweza kuacha basi aizungushie spika kikombe cha plastiki kwa nyuma, chenye mdomo unaotazama chini, na kukibandika kwa butili ile ile.