Mgeni Asiye na Tarehe ya Kurudi

Tangu Desemba 2017, vita viliporudi katika eneo la Djugu, watu waliokimbilia Bunia wamepokelewa kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaiona: kambi, kama ile ya Kigonze. Ya pili haipigwi picha. Ni chumba cha nyuma kwa shemeji kule Mudzipela, au sebule ya shangazi Nyakasanza ambako mikeka hutandikwa usiku na kukunjwa alfajiri. Katika Kongo nzima, wakimbizi wa ndani walio wengi hawaishi kambini bali katika familia zilizowapokea.

Mlango haupatikani kwa bahati. Kwanza hutafutwa ndugu wa damu, kisha wakwe, kisha waumini wa kanisa moja, mwishowe jirani wa zamani wa kijijini. Ndiyo maana mzigo haugawanyiki sawasawa mjini. Ukoo ambao vijiji vyake vimechomwa ndio unaopokea wengi zaidi, na mara nyingi ndio huohuo uliopoteza mashamba na mifugo. Tena wenyeji wengi wa leo walikuwa wakimbizi jana: mwaka 2003, kabla majeshi ya Umoja wa Ulaya hayajaingia mwezi wa Juni, mapigano yaliwatoa maelfu ya watu wa Bunia majumbani mwao. Aliyewahi kugonga mlango wa mtu usiku haulizi maswali mengi wa kwake unapogongwa.

Dunia inajua pia upokeaji wa aina nyingine. Shirika la AFS, lililoanza kama kikosi cha madereva wa magari ya wagonjwa katika Vita Kuu ya Kwanza, lilianza mwaka 1947 kubadilishana wanafunzi baina ya nchi ili wakae na familia za wenyeji na kujifunza maisha yao. Katika mpango wa namna hiyo, mambo makuu hujulikana mapema: mgeni ni nani, atakaa muda gani, na nani aitwe pakitokea ugomvi. Mkimbizi wa Djugu naye hulala chini ya paa la watu, hula chakula chao na kujifunza tabia zao. Lakini hana tarehe ya kurudi, na hakuna ofisi ya kupigia simu.

Wahenga walilijua tatizo la muda: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huisikia methali hiyo kama kejeli kwa mgeni mvivu, ilhali inamtaka mwenyeji awe na shamba la kumwonyesha. Hapo ndipo Bunia inapokwama. Mashamba yaliyoachwa Djugu ndiyo yaliyokuwa yakileta maharagwe, mahindi na mihogo kwenye masoko ya mji huu. Kwa hiyo walaji wanaongezeka nyumbani wakati uleule chakula kinapungua sokoni na bei inapanda. Mgeni ana mikono na ujuzi; kilichokosekana ni udongo wa kulima.

Mkazo huanzia kwenye vitu vidogo: makala, maji, zamu ya choo. Mwanzoni wote hula bugali na sombe kutoka sufuria moja. Baadaye sufuria hutengana, na mama wa kijijini huanza kuzunguka akitafuta nguo za kufua au mzigo wa kubeba. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bure tangu 2019, lakini daftari na sare hazitolewi bure, na mwenye nyumba huona haya kuwanunulia wanawe na kuwaacha wa mgeni.

Msaada ukigawiwa kambini peke yake, familia hizi hazipati kitu. Wapo wanaohama kwa ndugu na kwenda chini ya turubai ili tu majina yao yaandikwe. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, unataka mahitaji ya jamii zinazopokea yapimwe pamoja na ya wakimbizi. Kwa Bunia hilo lina maana tatu: shefu wa mtaa aorodheshe wageni nyumba kwa nyumba, msaada uhesabu kaya yote kama meza moja, bila kumpa mgeni mafuta ya kula huku mwenyeji akitazama, na sehemu ya fedha ikodishe mashamba karibu na mji, mahali penye usalama, au iwe mtaji wa biashara ndogo.

Nyumbani nako, mazungumzo ya wiki ya kwanza husaidia kuliko subira ya miezi: nani ananunua makala, nani anachota maji, watoto wanalala wapi. Kuyasema hayo mapema si uchoyo. Kuyanyamazia ndiko kunakowafanya ndugu waachane kwa maneno makali, wote wawili wakiwa wamejitahidi.